Mizabibu ya Mpakani

Newala,
2 Agosti 1994

Mdogo wangu Erasto,

Pokea salamu zangu na za Edmund, ambaye sasa ananizidi urefu na uvivu. Sisi wazima. Mgonjwa ni mizabibu ya marehemu shemeji yako, na ndiyo iliyonifanya nishike kalamu leo, mwandiko umepinda kwa hasira. Si uzee, usije ukajifurahisha.

Unakumbuka shemeji yako huyo, Godwin, alivyorudi kutoka Dodoma kwenye mkutano wa makatekista, na vijiti vimefungwa katika gunia lililolowa, watu wakamcheka kwamba amesafiri kote kule kufuata kuni. Kuni hizo ndizo zilizomsomesha Edmund. Masista bado wanachukua zabibu zangu zote kukamulia divai ya altare, na mwaka huu wameomba nyingi zaidi. Sasa mistari ya chini, ile inayopakana na shamba la Halfani, inakufa. Majani yanaungua pembeni, yanakunjamana, na mchana mzabibu unalegea hata kama nimeumwagilia asubuhi. Mwaka jana ilikuwa kidogo, nikajipa moyo. Mwaka huu hakuna tena cha kujipa.

Ni salfa ya Halfani, ile dawa ya mikorosho. Tangu Juni mashine inanguruma kwenye mikorosho yake kila alfajiri, vumbi la njano linapaa mpaka huku. Mistari iliyo karibu na nyumba ni mizima, ya mpakani inaungua. Hata asiyeona angejua. Nilimpigia kelele juu ya ua, "We Halfani, unaniua!" Unajua alinijibu nini? "Mtani, ukifa nitakuja kukuzika, wewe andaa mchele tu." Akacheka, akawasha mashine.

Nimemfungulia shauri baraza la kata. Watatusikiliza Alhamisi, tarehe 22 Septemba. Wewe ulikuwa bwana shamba miaka yote kabla serikali haijakupunguza kazini, na wazee wa baraza wanakuheshimu. Niandikie kwa mkono wako kwamba salfa ndiyo iliyounguza mizabibu. Baraza likimzuia, nitapona. Lisipomzuia, naing'oa yote kabla ya mvua nipande mikorosho kama kila mtu. Siwezi kukaa kibarazani nikiangalia kazi ya Godwin inakufa kidogo kidogo.

Nakutumia kitenga cha nyanya kwa kondakta wa basi. Mabomba yamekauka tangu Juni, tunachota maji bondeni na kupanda nayo kichwani, kwa hiyo kila tone linalotoka jikoni nalielekeza mizabibuni. Kule chini ambako maji hutuama siwezi kuyaacha yanywewe na mzabibu peke yake, nikapanda nyanya katikati. Zimekubali kweli, mwaka wa tatu huu. Wape watoto wale.

Dada yako,
Dorika (Mama Edmund)


Masasi,
9 Agosti 1994

Shikamoo dada,

Barua imefika, na nyanya zimefika chache kidogo kuliko ulizotuma, maana kondakta naye ana tumbo. Tumezila kwa siku mbili. Asante sana.

Dada, sitaandika barua unayoitaka. Usiitupe hii kwanza, soma. Sijayaona majani, na mtu akishaandika mbele ya baraza kitu asichokiona, siku nyingine hata akisema jua limechomoza watu watatoka nje kuhakikisha. Halfani ni jirani yako tangu enzi za vijiji vya ujamaa. Ukimpeleka mbele ya wazee, hakikisha una uhakika.

Nifanyie haya. Kwanza, zunguka mzabibu mmoja mgonjwa, uniambie ni majani yapi yameungua: ya chini yaliyokomaa, au machanga ya juu? Na ni upande wa kwa Halfani tu, au pande zote? Sikuambii kwa nini nauliza. Nakujua, utaona unachotaka kuona.

Pili, chuma majani yaliyo mkabala na vichala. Jani lenyewe tupa. Nataka vikonyo, vile vijiti vinavyoshika jani, maana humo ndimo inamoonekana mzabibu umekula nini. Bahasha moja ya kaki iwe ya mistari ya mpakani, nyingine ya mistari ya nyumbani. Usitie kwenye nailoni, vitaoza. Na udongo wa kila sehemu, konzi moja moja. Kwenye kituo cha utafiti Mtwara yuko Dastani, tulisoma naye chuo cha kilimo. Atanipimia.

Najua kusubiri si kazi yako. Hata mama alisema ulizaliwa kabla mkunga hajafika. Lakini safari hii nakuomba.

Mdogo wako,
Erasto


Newala,
20 Agosti 1994

Erasto,

Marahaba. Nilikuomba barua, umeniletea kazi ya shule.

Nimefanya yote. Bahasha anakuletea Julia, yule binti wa kwaya, anakuja Masasi kumsalimia shangazi yake. Majani yaliyoungua ni ya chini, yaliyokomaa. Machanga ya juu bado yana kijani, ila madogo, yamedumaa. Na ni pande zote, upande wa kwake na wa kwangu. Usiniulize upepo ulizungukaje, salfa ni vumbi, huingia popote.

Nikwambie kinachoniuma kuliko majani. Mimi na Sijaona, Mama Pili mke wa Halfani, tumeacha kusalimiana. Sijaona ndiye aliyenishika mkono nilipojifungua Edmund, na Godwin alipokufa alilala hapa kwangu juu ya mkeka mpaka arobaini. Sasa tukikutana njia ya bondeni, kila mtu anatazama ndoo yake. Chumvi ikiniishia naitafuta kwa watu wa mbali. Halfani mwenyewe ndio kwanza anazidi vichekesho. Juzi nilimwambia kwamba tutaonana mbele ya wazee, akasema, "Basi mtani nipikie cha njiani, nisiende na njaa." Mtu anaharibu mali yako na anakucheka! Ningekuwa mwanamume tungekuwa tumeshashikana mashati.

Zabibu za mpakani zimeanza kusinyaa kabla hazijaiva. Fanya haraka. Na kitenga kingine cha nyanya hicho, mwambie kondakta nimezihesabu, hata kama sijazihesabu.

Dorika


Newala,
5 Septemba 1994

Bwana Erasto,

Jana upepo ulileta mfuko mtupu wa salfa mpaka kwenye ua wangu. Nikauokota ili niutie moto, nikaona muhuri. Duka la Pembejeo, Erasto, Masasi.

Kumbe ndiyo maana. Kumbe "sijayaona majani" maana yake nilikuwa namshtaki mteja wako. Unanipa kazi ya kuchuma vikonyo ili siku zipite na baraza lipite, na wewe uendelee kuuza. Nilidhani damu ni nzito kuliko maji. Sikujua kama ni nzito kuliko salfa.

Usijisumbue tena na majibu ya Mtwara. Tarehe 22 nitakwenda mwenyewe na mdomo wangu. Na nyanya sikutumii.

Mama Edmund


Masasi,
12 Septemba 1994

Shikamoo dada,

Ni kweli nimemuuzia Baba Pili salfa. Tangu biashara iwe huria mwenye leseni anauza, na mimi nilipopunguzwa kazini sikupunguziwa watoto. Nilikunyamazia kwa sababu nilijua ukishajua hutasoma neno langu jingine. Kunyamaza nilikosea. Kuuza sikukosea. Mikorosho isipopulizwa, ubwiriunga, ule ukungu mweupe, unakausha maua yote, na hilo unalijua.

Sasa nikasirikie, lakini majibu haya si yangu, ni ya Dastani, na Dastani hauzi kitu.

Udongo wako wa mpakani una chakula kingi kuliko ule wa nyumbani. Ni majivu na maji yako ya jikoni hayo. Lakini vikonyo vya mistari ya mpakani vina njaa. Potasiamu haifiki hata nusu ya ile ya mistari ya nyumbani, na naitrojeni iko chini vilevile. Dada, fikiria mtu ameketi mbele ya sinia la ugali na mboga, kila siku, na bado anakonda. Utalaumu sinia? Utalaumu moshi wa jirani? Mtazame koo. Koo la mzabibu ni mzizi.

Sasa nakuambia kwa nini niliuliza kuhusu majani. Salfa ikiunguza huanza na machanga, na upande inakotoka. Mmea wenye njaa hufanya kinyume: humnyang'anya mzee chakula umpe mtoto, ndiyo maana majani ya chini yanaungua pembeni na ya juu yanabaki kijani. Kwa macho, kuungua huku na kuungua kule ni ndugu. Hata mimi ningedanganyika. Na kama ingekuwa salfa, vikonyo vingekutwa vimeshiba.

Kwa hiyo kuna kitu kinaibana mizizi. Chimba mzabibu mmoja wa mpakani, polepole, usiikate ile mizizi midogo. Ioshe uitazame. Kisha chimba kidogo pembeni ya mzabibu mmoja wa nyumbani, ulinganishe. Fanya kabla ya tarehe 22. Usiniamini mimi, iamini mizizi.

Mdogo wako, ukipenda usipende,
Erasto


Newala,
17 Septemba 1994

Mdogo wangu Erasto,

Marahaba, tena marahaba.

Nilikaa na barua yako siku nzima bila kuigusa. Leo baada ya kutoka kuchota maji nikachukua jembe dogo. Nilisema moyoni, nachimba ili nimwonyeshe huyu muuza salfa kwamba hakuna kitu.

Nimechimba kwa vidole zaidi kuliko kwa jembe. Nikaisuuza ile mizizi kwenye maji niliyooshea mchele. Erasto, imejaa vifundo. Vidogo vidogo, vimefuatana kama shanga zilizotungwa na mtoto asiyejua kutunga. Hapana palipo laini. Nikaenda kwenye mistari ya nyumbani nikachimba pembeni: mizizi mirefu, laini, haina hata kifundo.

Nikarudi kufukia. Katika kufukia jembe likang'oa mche mmoja wa nyanya. Sikuwa na nia nao, nilitaka kuurudishia udongo. Mizizi yake ilikuwa na vifundo vilevile, tena vikubwa, vimevimba kama tangawizi. Nikang'oa wa pili. Nikang'oa wa tatu. Nikaketi chini pale pale kwenye tope. Mistari inayokufa ndiyo niliyoipandia nyanya, na ile ya nyumbani sikuwahi kuipandia kitu kwa sababu maji hayatuami pale. Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakimwagilia kila siku kwa maji niliyoyabeba kichwani kutoka bondeni.

Nimezing'oa zote, hata zilizokuwa zinaiva. Halfani akapita na panga lake begani, akasimama uani. "Mtani, sasa hata nyanya umezishtaki?" Nikaanza kulia. Akahamisha panga bega la pili, akaondoka. Sijawahi kumwona Halfani akiondoka bila kichekesho.

Ninaona aibu, Erasto. Naona aibu kwako, na kwa Sijaona, na kwa marehemu. Alhamisi nitakwenda barazani. Niliyoyasema mbele za watu nitayafuta mbele za watu. Lakini mizabibu je? Niambie ukweli kama bado kuna cha kuokoa, au nianze kung'oa.

Dada yako,
Dorika


Masasi,
23 Septemba 1994

Shikamoo dada yangu,

Barua yako ilichelewa, basi liliharibika njiani. Baraza lilikuwa jana na sijui yaliyotokea. Nimelala nikiliwaza.

Hao wanaitwa minyoo fundo. Jicho haliwaoni. Wanaingia kwenye mzizi mdogo, mzizi unavimba, chakula na maji havipiti. Udongo wa kichanga kama wenu wanaupenda, na nyanya ni karamu yao. Hata bamia na biringanya. Wamezaliana kwenye nyanya wakahamia kwa mzabibu. Usijitie lawama zote. Mimi niliyesomea mambo hayo nimekula nyanya zako vitenga viwili na nikashukuru kwa maandishi, wala sikuuliza umezipanda wapi. Mke wangu ananicheka mpaka leo.

Dawa ya kuwamaliza ambayo ningekuuzia kwa moyo safi sina. Ukishavuna, ng'oa ile mizabibu iliyozidiwa, choma mizizi. Iliyobaki itie samadi nyingi, ipate nguvu ya kuota mizizi mipya. Katikati yake panda bangi mwitu, minyoo haiipendi. Mjumbe akikuuliza mwambie ni ile inayonuka vibaya, hii haivutwi. Jembe la kule chini usiende nalo juu bila kuliosha.

Sasa jambo kubwa. Minyoo hukaa kwenye mizizi na udongo, haipandi kwenye matawi. Ukikata mapingili, vipande vya kupandia, kwenye matawi ya mizabibu ya shemeji, hata ile inayokufa, unapata miche misafi. Ni mizabibu ile ile ya Dodoma, inaanza upya. Kwa hiyo usiing'oe kabla hatujakata mapingili.

Tatizo ni ardhi. Inatakiwa sehemu ambayo haijawahi kupandwa nyanya wala kupitiwa na maji yanayotoka kwenye nyanya. Uwanja wako nauwaza kuanzia jikoni mpaka mpakani na sioni. Hapo sina jibu, dada. Tafuta kwa watu. Mvua zikianza mapema tutakuwa tumechelewa mwaka mzima, na ile ya zamani haitasubiri.

Mdogo wako,
Erasto


Newala,
9 Oktoba 1994

Kwa mtani wangu Erasto, mwenye duka,

Habari za Masasi? Huku kwetu njema, tunashukuru Mungu. Naandika mwenyewe, kwa hiyo kama mwandiko unapanda kilima vumilia, ndiyo nchi tunayoishi.

Nasikia dada yako hajakuandikia habari za baraza, anasema haya imemjaa. Basi nikupe mimi. Tulipoitwa alisimama wa kwanza, kabla mwenyekiti hajavaa miwani. Akasema, "Huyu bwana hakuniunguzia kitu. Mizabibu yangu ina minyoo kwenye mizizi na niliileta mwenyewe. Nimemsingizia mbele yenu, namwomba radhi mbele yenu." Akaketi. Mwenyekiti akaniuliza nadai nini. Nilikuwa nimejiandaa, mtani. Nilikuwa na faini ya kuku saba na jogoo awe kipofu, watu wacheke tumalize. Nikaiacha. Nikamuuliza tu, "Mtani, kumbe miezi yote hii ulikuwa hutanii?" Akasema, "Sikuwa natania." Hapo niliumia kuliko siku niliyoletewa karatasi ya baraza. Mmakua akimtukana Mmakonde juu ya ua, mimi nitajuaje kwamba safari hii ni kweli? Alivyokuwa akipiga kelele ndivyo nilivyokuwa nikifurahi kwamba tangu Baba Edmund afariki, mtani wangu amerudi kuchangamka.

Kuna jambo lingine ambalo nilikusudia kufa nalo, Mama Pili akalitoa. Ile karatasi ilipofika mwezi wa saba, ingawa kelele zake nilizidi kuzihesabu utani, niliogopa. Nikasema labda kweli, salfa ni vumbi. Mistari miwili ya mikorosho ya mpakani sikuipuliza tena. Sikumwambia, mtu humwambii mtani kwamba amekutisha. Maua yote ya mistari ile yameliwa na ubwiriunga, hakuna korosho hata ya kuchezea watoto. Na mizabibu ikaendelea kuungua vilevile! Ningefungua mdomo mapema, dada yako angejua tangu Agosti kwamba si salfa. Lakini mimi nilikuwa bingwa wa kuchekesha tu.

Mama Pili alipomwambia, Mama Edmund alikuja kwangu jioni ile ile na kapu la zabibu za mistari ya nyumbani, hajui aanzie wapi. Mama Pili akamwambia aanzie kwenye kuketi. Wamekaa jikoni mpaka moto umezima, na mimi chakula nilikipata baridi. Sasa wanakwenda bondeni pamoja tena, na kelele zao nazisikia toka kisimani.

Dada yako alinisomea barua yako, ile ya mapingili na ardhi safi. Aliisoma kwa sauti ya mtu anayesoma wosia. Amezunguka kwa watu wa kanisani, kila mwenye kiwanja ameshapanda nyanya. Mtani, wewe kila mwaka unanihubiria nipunguze mikorosho yangu, imezeeka na imesongamana, nami nakuitikia ndiyo halafu naenda zangu. Safari hii nimekusikia. Mistari ile miwili ya mpakani nimeikata. Udongo ule tangu babu yangu haujaona nyanya, na maji ya jikoni hayafiki, nimejenga kituta cha kuyazuia katikati.

Kaka yangu ameniuliza inakuwaje nitoe shamba la kupanda divai. Nimemwambia divai sinywi wala sitaibeba, lakini kinachotafutwa ni mahali pa zabibu, na zabibu zimo hata peponi. Wala si zawadi. Kila mavuno kapu moja la Mama Pili, na ruhusa ya kumtania mwenye mizabibu mbele ya padri wake.

Yeye bado hajui. Akisikia shoka anadhani nachoma mkaa, na jana alinitukana kwa ajili ya moshi. Nilimsikiliza kwa makini safari hii: alikuwa anatania.

Njoo Jumamosi na mkasi wako wa kukatia mapingili. Mvua haiko mbali, na mashimo nimeshachimba.

Wako,
Halfani (Baba Pili)